Mgeni wa Heshima Yuko Jikoni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu, Mzee Salum; masheikh wetu; akina mama na akina baba wa mtaa wetu wa Berea; nanyi majirani zetu Wakongo mliotoka mtaa wa La Rochelle, humu humu Johannesburg, kuja kutupa heshima: asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Mimi Zuhura, katibu wenu, nimepewa kazi ya kumuaga Dada Mwatumu, anayerudi kijijini kwetu, huko Pangani, kumuuguza mkwewe. Sifa zake nimeziandaa. Lakini nitamsifu nani, na kiti chake hapa mbele kitupu? Mgeni wa heshima yuko jikoni, anapika pilau ya kuagwa kwake mwenyewe! Eish, jamani, hatuoni haya?

Mchana huu Mama Hélène, msusi wa La Rochelle, aliniuliza: "Maman Zuhura, juu ya nini kila siku ni yeye tu? Munamulipaka?" Kabla sijajibu, mwenyekiti wetu akaniwahi: "Ah, mwenyewe anapenda. Ndiyo kazi ya kwao."

Kazi ya kwao! Wageni hamjui maana yake, acheni niwaambie. Bibi zake Mwatumu walikuwa watumwa wa bibi zetu. Utumwa ulikwisha, wenyewe wakazikwa, lakini mpaka leo, sisi tunaojiita waungwana tukiwa na arusi au msiba, wanawake wa kwao huja wamejifunga kanga viunoni, wakakoka moto, wakachota maji, wakala mwisho, tena ukoko. Hawalipwi. Na waume zao? Wako barazani na waume zetu. Kwenye kusubiri sahani, wanaume wote ni waungwana.

Hapa Johannesburg, mikono hiyohiyo ya Mwatumu inalipwa mshahara na hoteli, na huko anakokwenda anataka kufungua mgahawa wake, asomeshe wanawe. Juzi kaka yangu akanipigia simu kutoka nyumbani, furaha tele: "Mwatumu akifika tu, arusi ya binti yangu imepata mpishi." Nikamuuliza, "Mtamlipa nini?" Akacheka, akadhani namtania. Sasa niambieni, atamuuzia nani pilau, ikiwa kijiji kizima kinaamini kina haki ya kuila bure? Usingizi sina. Naogopa tunamsindikiza mpishi, akapokelewe mtumwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, utanisamehe. Inuka na wenzako mkapakue, na masufuria mtayasugua wenyewe.

Dada Mwatumu, futa mikono, uje ukae. Najua utaniambia kama ulivyoniambia asubuhi: "Bibi Zuhura, nikikaa mimi, nani atapika?" Jibu lako ndilo lile linaloinuka pale, limevaa kanzu.

Na ukifika kwetu wakakuita jikoni, taja bei kwanza. Anza na kaka yangu. Akinuna, mwambie Zuhura ndiye aliyekutuma.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Hapa haisemwi bismillahi mpaka Dada Mwatumu akae.