Kavugho Adèle, mwenye alijua ulimi ya kila nguruwe

Bapendwa mwenye mulikuja kulia na sisi hapa Mulekera, mie njo Paulin, mudogo wa marehemu, sikupita ya tano primaire, mais kwa kusoma mbele ya bantu niko sawa na mwalimu, donc mutulie, hakuna mwenye atanisahihisha.

Yaya Kavugho Adèle alizaliwaka tarehe 14 mwezi wa tatu 1987 kule Musienene, binti ya baba Mathe na mama Séphora, akasoma primaire palepale, akaingia secondaire, mais mwaka 2003 mama yetu akakufa, mie nikiwa na miaka mbili, yaya akaacha masomo akanibeba ku mugongo, na hata juzi juzi, mie na ndevu yangu hii, alikuwaka anaambia bantu: «Huyu? Ni mutoto wangu wa kwanza, na njo ananisumbua kupita bote.»

Kuanzia 2008 alinunua nguruwe ku soko ya Musienene na kuziuzisha Butembo, na kazi hiyo hakuna mwanaume alimushinda, hata mie, na mie nashindaka bantu: nguruwe inalazwa chini, fimbo katikati ya meno, yaya anavuta ulimi na kitambaa, anapitisha kidole chini yake, akigusa mbegu ndogo za munyoo sawa punje za mchele, anaikataa, hata mwenyewe alie.

Tarehe 21 mwezi wa nane 2010 alifunga ndoa Butembo na Éliakim, mwana wa mama Germaine, Mungu akabapa batoto tatu, mukubwa ni Gaëlle, na 2015 bakahamia hapa Mulekera, mie nyuma yao, juu nani angenipikia?

Sasa musikilize, hapa sichekeshi. Mwaka 2019, siku ya soko kule Musienene, yaya alikataa nguruwe moja, mwenye kuiuzisha akaichinja kwa siri, akachoma nyama yake ku vijiti, brochettes, nami nikakula ingali nyekundu, nikiringia barafiki eti nyama ya kuiva ni ya bazee. Munyoo ikaikala mu tumbo yangu, sikusikia kitu, na ku nyumba mie njo nilikatia yaya nyanya na kitunguu kibichi, mikono kutoka musalani, bila sabuni.

Tarehe 9 mwezi wa pili 2021 yaya akaanguka, akitetemeka, povu ku kinywa, na bantu bakasema mama Germaine, mama mukwe wake, amemuloga, mie nikipiga kelele kupita bote, mpaka mama akaacha kukanyaga ku nyumba ya mwana wake. Mwezi wa kumi na moja 2023 scanner ya Kampala, ile mashine ya picha, ikaonyesha mbegu zilezile ndani ya kichwa ya yaya. Muganga wa hospitali akaomba kila mutu ya nyumba alete choo yake mu kakopo, nikacheka sana, na kakopo kangu njo kalikutwa na mayai ya munyoo. Akaeleza: mayai inatoka na choo, mikono michafu inaipeleka ku chakula, mwenye kuimeza inaweza kumupanda mpaka ku kichwa.

Yaya hakunifukuza. Alinitazama, akacheka mpaka machozi: «Paulin, nilivuta ulimi ya nguruwe yote ya Musienene, yako njo nilisahau.» Tangu siku hiyo, kila asubuhi mbele ya kunipa chai, «Toa ulimi nione,» nami natoa, mwanaume muzima, na leo asubuhi nilikunywa chai, hakuna mwenye aliniuliza.

Dawa iliniponya mie, yeye ilimupunguzia tu, na tarehe 3 mwezi wa sita 2025, Jumanne, alianguka tena, hakuamka, akiacha mume, batoto tatu, na mie wa ine. Wiki moja kabla ya kufa aliniapisha: «Ku kilio yangu usome yote, mama mukwe asikie.»

Tunashukuru baganga na bauguzi, bajirani mwenye mulimuinua bila kuogopa povu yake, na banunuzi ba nguruwe mwenye mulitoka Musienene kumubeba. Mama Germaine, tangu jana umesimama inje ku lango ya lupango. Utusamehe, unisamehe mie mbele, ingia, nafasi ya ku kichwa ya sanduku ni yako, bamama bamupishe. Mustari ya mwisho nitaisoma akiisha kuikala.

Yaya, amesikia. Pumzika na amani yako.