Salamu ya Kwanza Haitoshi

Akina mama, amani iwe nasi. Nimeambiwa niseme kwa ufupi, lakini mimi ni mtu wa Singida. Kwetu salamu peke yake inaivisha maharage. Wakenya, nichekeni tu.

Nilifika Wheaton nikimfuata mume wangu, aliyepata kazi hapa Marekani. Nyumbani nilikuwa mwalimu. Visa niliyopewa haikuniruhusu kufanya kazi yoyote. Mume wangu anatoka asubuhi, anarudi jioni hoi bin taabani, ananiuliza, "Umeshindaje?" Nasema, "Salama." Anakula, analala. Simsemi vibaya, jamani, alikuwa akitutafutia riziki. Nikikwangua kadi ya simu, mama yangu anauliza hali, naye namwambia salama.

Ndugu zangu, nawaambia, upweke wa mle ndani sijauonja hata msibani. Nilifika mahali pa kuongea na sufuria! Na watu wa jengo letu hawakuwa wachoyo wa salamu. Nikishuka chumba cha kufulia nguo, kila mtu, "How are you?" Najibu, "Fine," kama tulivyolelewa. Kwetu hata mfiwa husema nzuri kwanza. Kisha unaulizwa za nyumbani, za watoto, ndipo unatoa lako: nzuri, ila. Basi nikishajibu, nasimama na kapu langu nangojea swali la pili. Wenzangu wameshapanda ngazi. Miezi ikapita, hiyo "ila" imenikwama kooni. Nikaamua kumwomba mume wangu tiketi ya kurudi, ndoa ikifa na ife.

Siku niliyokusudia kumwambia, bibi mmoja Mmarekani wa ghorofa ya chini alinisalimia kule kule kwenye mashine. Nikajibu, nikasimama. Akakunja shuka lake, akageuka, akanikuta bado nipo. Akaniambia kwa Kiingereza chao, "Haya, niambie yaliyobaki." Nililia, akina mama! Nililia mpaka mashine ikaacha kuzunguka.

Naye akanipa yake. Ujanani alikuwa karani ofisini, hapo mjini Washington. Mimba ilipoonekana akaambiwa aende nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna aliyeshangaa. Mimi nilishangaa, nilidhani wanawake wa Marekani wanazaliwa na funguo za gari mkononi. Akakaa nyumbani, mji wa Greenbelt, na watoto, akimwambia mumewe kila jioni kwamba yuko sawa. Kilichomwokoa ni majirani, wanawake wenzake, waliokutana jikoni kwa zamu wakaanza kuambiana ukweli. Mmoja akarudi chuo, mwingine akagombea udiwani, yeye akarudi kazini. "Hatukuwa hodari," akasema. "Tulichoka kunyamaza."

Jioni hiyo mume wangu aliponiuliza nimeshindaje, nikasema, "Nzuri, ila."

Akaweka kijiko chini. "Ila nini, mke wangu?"

Tuliongea mpaka chakula kikapoa. Tiketi sikuiomba. Jumamosi akaulizia wanawake wa kwetu wanakutana wapi, akanileta hapa Riverdale mwenyewe.

Namshukuru Mungu, na bibi yule, na mume wangu. Nawashukuru ninyi mlionikabidhi watoto wenu niwafundishe Kiswahili, ingawa wananijibu Kiingereza. Ninaloliomba ni hili: mtu akikwambia salama, usimwache hapo. Uliza tena, kisha nyamaza umsikie. Na wewe mgeni wetu uliyeketi karibu na mlango, uliniambia salama ulipoingia. Kiti cha pembeni yako mtu asikikalie. Nakuja.