Bi Mgeni na Konokono wa Kushoto

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye kitengo chetu cha ukaguzi wa mboga, Bi Mgeni Kitwana anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alipoajiriwa alipewa chumba cha nyuma, na huko nyuma ndiko tulikomwacha.

Kazi yake ilikuwa konokono. Mvua zikijaza bonde la Jangwani, konokono hupanda kwenye matembele na kufika nayo sokoni Kariakoo. Bi Mgeni aliwapima kwa rula, akawaandikia kadi: gamba la kahawia lenye michirizi ya manjano, mizunguko saba, mguu wa kijivu wenye vipele. Waajiriwa wapya aliwaonyesha kwamba macho yako kwenye ncha za pembe mbili ndefu, na zile fupi za chini ni za kunusia. Tulicheka, tukarudi kwenye simu zetu.

Mwaka 2011 mkuu wetu wa wakati huo, Mzee Kasmir, alimrudishia kadi ya konokono mmoja, kaiandika kwa wino mwekundu: mdomo wa gamba huwa kulia, wewe umeandika kushoto. Bi Mgeni hakubishana. Alimbeba konokono huyo hadi mezani kwa bosi, akamsimamisha ncha juu, mdomo mbele. Kushoto kweli! Mzee akaomba radhi, na konokono akaacha ute juu ya fomu za likizo.

Kila konokono wa aina hii ni dume na jike kwa pamoja, ila bado anamhitaji mwenzake. Huyu viungo vyake vya uzazi vilikuwa kushoto, vya wengine kulia, kwa hiyo walishindwa kupandana. Aliishi peke yake kwenye boksi miaka mitano. Alipokufa, Bi Mgeni alikuja mezani kwangu masjala, akaniambia, "Jovitha, hakuwa na kasoro yoyote. Kakosa wa kufanana naye tu." Nikasema pole, nikaendelea kuchapa. Naona aibu hadi leo.

Juzi nikimjazia taarifa za kustaafu nilikwama kwenye makazi. Nilijua Buguruni, basi. Misiba yetu alikuja, harusi zetu alikuja. Kwake, anakoishi peke yake tangu dada yake afariki, hajafika hata mmoja wetu.

Asante, Bi Mgeni, kwa jicho lako kali na uvumilivu wako. Wenzako wote tunakuombea afya na mapumziko matamu. Mimi Jumapili nakuja na vitumbua. Naomba tu unielekeze, nikishuka Buguruni nishike njia ipi.