Manowari ya Fundi Saa

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi. Mguu wake mmoja ulivunjika zamani, tukauwekea tofali. Wenye benchi tuko watano. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye hunyoa nusu kichwa, akamwacha mteja kwenye kiti na kutoka nje kumalizia ubishi. Kuna Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Kuna Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mpaka leo anatusahihisha kama madaftari. Kuna mimi, fundi viatu, wananiita Msumari. Na kuna Fundi Saa. Jumatatu hiyo asubuhi muuza kahawa alimimina vikombe vinne, akashika cha tano, akakumbuka, akakirudisha kwenye ndoo. Jana yake jioni majirani walimbeba Fundi Saa na kumpakia kwenye teksi, mdomo umepinda upande mmoja.

Breki: Mimi nilisema. Ile meli itamuua. Nilisema, sikusema?

Kinyozi: Wewe umeshasema kila kitu duniani. Hata mvua ikinyesha, ulisema.

Breki: Gundi ile, jamani! Miaka tisa mtu anavuta gundi kwenye chumba kisicho na dirisha. Imepanda kichwani ikagandisha mishipa. Mmeuona mdomo? Umegandia.

Mwalimu: Kinaitwa kiharusi, bwana. Ni damu, si gundi.

Breki: Haya, na hiyo damu imegandishwa na nini?

Mwalimu alinyoosha kikombe aongezewe kahawa.

Meli yenyewe ni hadithi ya karakana. Fundi Saa alifanya kazi karakana ya kutengeneza meli, kwenye mitambo midogo midogo inayotaka mkono mwepesi. Karakana ilipofungwa, injinia mmoja wa Kijapani aliyekuwa akirudi kwao alimwachia sanduku. Ndani yake mlikuwa na manowari ya zamani ya huko kwao, imekatwakatwa vipande vya plastiki zaidi ya elfu mbili, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Ukiviunganisha vyote unapata meli ile ile, imefupishwa ikawa ya mita moja na ushee, haikupungukiwa ngazi wala mashua. Fundi Saa akawa anatengeneza saa mchana, na saa zikiisha anajenga meli. Halafu watu wakaanza kuangalia saa kwenye simu, akabaki na meli.

Kinyozi: Mimi nawaambia si gundi. Wale Wajapani ni watu wa akili. Mtu hawezi kukuachia meli bure. Mle ndani kuna kamera.

Mwalimu: Wampige picha Fundi Saa? Wapate nini?

Kinyozi: Mikono! Walitaka kujua mikono yake inafanyaje kazi, wakatengeneze mashine. Na wahenga walishasema, mkono mtupu haulambwi.

Mwalimu: Methali hiyo haihusiani kabisa.

Kinyozi: Si mkono huo umetajwa? Haihusiani vipi?

Breki: Nyote mnazunguka mbuyu. Sikilizeni. Manowari ile ya kweli ilizama, au haikuzama?

Mwalimu: Alisema ilizama.

Breki: Na watu wake?

Mwalimu: Na watu wake.

Breki: Basi! Wako chini huko kwa mamia, maji yamewakaa. Sasa wewe unawajengea upya. Unawawekea ngazi, unawawekea mlango, unawafungulia deki. Si unawaita hao? Wamepanda. Wamekuta meli iko tayari, nahodha hakuna. Unafikiri watamchukua nani? Kinyozi?

Muuza kahawa: Toba!

Kinyozi: Mimi bahari inanitapisha.

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameokota kijiti, anaandika chini namba.

Mwalimu: Vipande elfu mbili na mia mbili hivi, kwa miaka tisa. Ni kama vipande viwili kila siku tatu. Mnaelewa maana yake? Yule bwana aliweza kufungua saa ya mkono na kuifunga kabla kahawa haijapoa. Mtu kama huyo haunganishi vipande viwili kwa siku tatu. Yule alikuwa hajengi, alikuwa anaahirisha. Mke kaugua, mke kafa, binti kaolewa mbali, kazi imekwisha. Alijua siku meli ikikamilika, hana tena cha kuamkia.

Breki: Mwalimu, hiyo yako inatisha kuliko maiti zangu.

Mimi nilikuwa natoboa soli. Sindano ilinichoma, nikauliza bila kufikiri:

— Nani alikwenda jana?

Hakuna aliyejifanya hajaelewa. Ijumaa Fundi Saa alikuja kijiweni amevaa shati lililopigwa pasi. Hakukaa. Alisimama mbele yetu kama mtu anayekuja kuposa, akasema, "Ndugu zangu, imekwisha. Jumapili saa kumi njooni kwangu muione. Nimenunua na biskuti." Breki akamuuliza kama tuje na pasipoti. Tukacheka, naye akacheka. Kila mmoja akasema atakuja.

Kinyozi: Mimi nilikuwa na harusi. Vichwa saba, tena vya upande wa bwana harusi. Ningewaacha?

Breki: Goti. Mnajua goti langu likishika.

Kinyozi: Goti lilishika, na mpira ulikwenda kuuangalia.

Breki: Nilikwenda kwa goti jingine! Halafu nikajua nyie mpo. Penye wengi hapaharibiki neno.

Tulingoja Mwalimu amsahihishe. Mwalimu alikuwa anafuta namba zake kwa kiatu.

Mwalimu: Na mimi nilijua nyie mpo.

Wakanigeukia. Ningeweza kusema nilikuwa na viatu vya watu. Lakini mimi nilifika. Saa kumi na nusu nilikuwa kwenye kona ya mtaa wake. Niliona mlango umefunguliwa wazi, pazia limefungwa fundo ili mtu apite vizuri, na viti vinne vya plastiki vimepangwa mstari mmoja. Nilimwona mgongo. Alikuwa ameinama anafuta kiti kilichokwisha futwa. Nikajisemea, nikiingia peke yangu atanishika mpaka giza, mzinga huu, mzinga ule. Nikapita njia nyingine.

Nikawaambia hivyo hivyo.

Breki: Eh, Msumari.

Ndiyo mara ya kwanza kumwona akifunga breki.

Wakati huo teksi ilisimama mbele yetu. Alishuka mwanamke, macho yamevimba, akasaidiana na dereva kutoa ubao mrefu uliofunikwa shuka. Nilimjua kwa paji la uso. Alikuwa binti wa Fundi Saa.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu. Mzee anaendeleaje?

— Anapumua. Mkono wa kulia umekufa, na kusema hawezi. Nilikuwa nauliza njiani marafiki zake wako wapi, nikaelekezwa hapa.

Tulisimama kumpisha. Waliuweka ubao juu ya benchi, akafunua shuka.

Jamani. Kwa miaka tisa tuliicheka meli hii, na hakuna aliyewahi kuiona. Ilikuwa ya kijivu kama wingu la mvua, deki yake imechorwa ubao kwa ubao, na kila ubao una rangi yake kidogo. Katikati ulipanda mnara, chumba juu ya chumba, na kila chumba kina madirisha. Mizinga ilikaa mitatu mitatu. Kwenye vizuizi vya pembeni, vyembamba kama uzi wa buibui, ungeona hata pale ambapo baharia angeegemeza kiwiko. Kutoka mlingoti hadi mlingoti zilipita nyaya, nyeupe, nyembamba mno.

Kinyozi alisogeza uso.

— Huu uzi gani?

— Nywele za mama, alisema binti. Zilibaki kwenye kitana chake.

Breki alivua kofia.

Binti akafungua leso. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya dhahabu, kidogo kama punje ya dengu, kimechongwa kama ua.

— Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefumba ngumi. Wauguzi waliufungua kwa shida, wakakuta hiki. Jumamosi aliniambia kwenye simu kwamba amebakiza kimoja tu, anakitunza, atakiweka mbele ya wenzake. Nyumbani kwake nimekuta viti vinne vimepangwa. Biskuti hazijaguswa.

Hakuna aliyemtazama mwenziwe.

— Nimeangalia kitabu cha maelekezo. Kimeandikwa Kijapani, na ukurasa wa mwisho umeshikana kwa gundi. Daktari amesema nisichelewe. Nataka aione imekamilika. Nyie mmekaa naye hapa miaka yote, na meli ndiyo ilikuwa mazungumzo yake. Niambieni tu, hiki kinakaa wapi?

Mwalimu alikipokea, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza. Akampa Kinyozi. Kinyozi akampa Breki. Breki alikishika kwa vidole vyake vinene, akanipa mimi.

Fundi Saa alitueleza. Nakumbuka siku yenyewe. Alikaa pale mwisho wa benchi, akasema kuna kipande kimoja cha dhahabu, ua, ambalo meli zote kubwa za wale watu zilivaa, na linakaa mahali pamoja tu, akainua kidole kutuonyesha. Breki akasema kitu. Maneno ya Breki nayakumbuka yote. Nakumbuka tulivyocheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Kidole kilikuwa kinaonyesha wapi, sikumbuki.

Nikamrudishia binti ua lake kwenye leso.