Sufuria ya watu wengi

Wazazi wangu, wadogo zangu, asanteni kunipa nafasi leo mnapowaombea vijana wanaokwenda kusoma mbali.

Mikrofoni ilipolia sasa hivi, wote mmemgeukia ndugu yetu wa mitambo kwa macho makali. Mwacheni. Ana vitufe viwili vinavyofanana, vimekaa bega kwa bega, na kimoja kinaleta kelele. Mimi nilisomea jambo hilo: jinsi akili ya mtu inavyokutana na mashine. Mtu akikosea, kwanza tunauliza ni kitu gani kimewekwa mbele yake, na kimewekwaje.

Nilisomea Lubumbashi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilidhani nikifika mahali panaposemwa Kiswahili nitakuwa nyumbani. Lakini kila nilipofungua mdomo, wenzangu walicheka, wakiiga Kiswahili cha kwetu. "Minye, minye! Dada wa Uvira, rudia tena!" Walikuwa wanatania tu, najua. Lakini nilianza kunyamaza, na ukinyamaza sana watu wanazoea kutokuuliza habari yako.

Chumba changu kilikuwa ndani ya lupango, ua mmoja wenye wapangaji wengi. Jioni nilisikia sahani zao na vicheko vyao ng'ambo ya ukuta. Mimi nilisonga bugali kama nilivyosonga kwetu Kavimvira, pale Uvira, sufuria nzima, maana sikujua kusonga ya mtu mmoja. Nilikula upande mdogo. Asubuhi niliukuta ule mwingine umekauka, nikautupa.

Ikafika kazi ya mwisho ya masomo. Nilitengeneza kwa katoni mfano wa ubao wa kuendeshea pampu ya maji, wenye vitufe na taa za kuchora. Nilihitaji watu wa kuujaribu, ili nione wanakosea wapi. Nikabandika tangazo chuoni na langoni kwetu: "Natafuta watu wa kupimwa, kazi ya saikolojia." Nikakaa na katoni yangu mlangoni pa chumba changu Jumamosi baada ya Jumamosi. Hakuna aliyekuja. Bila watu hakuna kazi, na bila kazi hakuna diploma.

Nikajiambia, kasoro ni mimi. Mtu asiyependwa na yeyote atapata wapi watu? Nikafunga sanduku, nikampigia mama simu kwamba narudi.

"Rudi kama unachoka," akasema. "Lakini uko unakula?"

"Niko nakula, mama."

"Na nani?"

Nikamuuliza habari za nyumbani, lakini yeye akaendelea:

"Unapika ya watu wangapi?"

"Kama ya nyumbani."

"Na yenye inabaki?"

"Natupa."

"Weye mutoto! Unatupa bugali, na watu wako hapo nyuma ya ukuta?"

Nilikata simu nikiwa na haya. Jioni ile nikasonga bugali, nikapika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu alionitumia mama, nikabeba sufuria, nikagonga kwa jirani, mama mmoja fundi cherehani aliyekaa na wadogo zake. Nikamwambia, "Mama, nimeleta chakula, tule pamoja." Alitazama sufuria, akanitazama.

"Kumbe unasemaka?" akasema, yaani kumbe huwa unasema. "Ingia."

Tulipokuwa tunakula akauliza, "Ile katoni yako ni ya nini?"

"Ni ya ile kazi ya kwenye tangazo."

Akaweka tonge chini. "Ile ya saikolojia? Dada, sisi tulikimbia! Tulisema huyu anatafuta nani ana wazimu."

Wote wakacheka, nami pia. Nikasema, "Hapana, mama, sikupimi weye. Napima katoni. Ukikosea, katoni ndiyo mbaya."

Nikasikia maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeyaandika kwenye mitihani, na sikuwahi kuyatumia kwangu mwenyewe. Tangazo langu ndilo lililofukuza watu.

Jumamosi iliyofuata walikuja, wakaleta na wengine. Walibonyeza vibaya, wakaitukana katoni kwa furaha, nikaandika yote. Kazi ikapita.

Siwadanganyi, upweke haukuisha. Jumapili za kule zilibaki ndefu, na niliendelea kulikumbuka ziwa. Lakini sikurudi kabla ya kumaliza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, na yule fundi cherehani ambaye sasa ni dada yangu.

Wadogo zangu mnaoondoka, siku itakuja utakaa peke yako useme, "Mimi ndiye mbovu." Siku hiyo usijihukumu haraka. Angalia kwanza kilichosimama kati yako na watu. Pengine ni ukuta mmoja tu, na nyuma yake kuna mtu anayejiuliza kama unasemaka.