Bi Mwanapili Chirau na Dosimita Iliyohesabu Ukutani

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bi Mwanapili Chirau atakabidhi funguo za chumba namba nne cha Kituo cha Vipimo cha Mwakidzumba, baada ya kukitumikia kituo hicho miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Alipoajiriwa, Aprili 1994, kituo kilikuwa nyumba moja ya mabati nje ya Msambweni, na yeye alikuwa akisafisha filamu za beji zilizovaliwa na wafanyakazi wa eksirei. Anaondoka akiwa Mtaalamu Mkuu wa Uigaji, cheo ambacho mumewe, kwa kauli yake mwenyewe, hajaweza kuwaeleza majirani wa Jego mpaka leo.

Nami nijaribu. Dosimita ya elektroniki ni kile kidude kidogo, ukubwa wa kiberiti, tunachokivaa kifuani ili kihesabu mnururisho unaotufikia. Kwa eksirei kinahesabu vizuri. Kwa nyutroni zenye nguvu nyingi, zile zinazozaliwa mashine yetu inapoanza kurusha protoni, pengine kinahesabu na pengine hakihesabu. Nyutroni haina rangi, haina harufu, haina joto. Inapita ukutani, inapita mwilini, na kidude kimekaa kimya kana kwamba hakuna aliyepita. Kazi ya Bi Mwanapili ilikuwa kujua kimya kile kina maana gani. Huo ndio uigaji: alijenga ndani ya kompyuta mfano wa dosimita na mfano wa kifua cha mtu, akazirusha nyutroni moja moja, milioni arobaini kwa mkupuo mmoja, na kuifuata kila moja tangu kuzaliwa hadi kufa. Maneno hayo ni yake, ya kuzaliwa na kufa, na aliyatamka kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya harusi.

Wageni wengi walimwogopa kabla ya kumzoea. Mwaka 2017 aliiwekea kompyuta kengele ndogo, ilie kila nyutroni inapoingia mwilini pasipo dosimita kuiona. Aliiwasha saa saba mchana, jua likiwaka, sote tukila wali wa nazi mezani pale nje ya chumba chake. Kengele ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena, kisha ikawa hainyamazi. Hakuna aliyemaliza chakula. Tulijua ni hesabu tu, lakini kila mmoja alikuwa ameshika kifua chake. Aliizima mwenyewe, akaomba radhi, akamalizia sahani yake na nusu ya yangu.

Halafu kulikuwa na Shemeji. Shemeji ni sanduku la plastiki lililojaa maji, upana wa kifua cha mtu, linalotumika kufungiwa dosimita badala ya kumweka binadamu mbele ya mashine. Bi Mwanapili ndiye aliyempa jina, akamvisha shati la marehemu babake ili vishikizo vikae mahali pake, na kila asubuhi akamsabahi. Haikupita miaka miwili vijana wote wa kituo wakawa wanampa Shemeji shikamoo wanapopita. Nakiri kwamba nami nilimpa, na kwamba siku moja, nikiwa na haraka, nilisimama kungoja aitikie marahaba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo nisingeandika wasifu huu.

Ukumbi wetu wa mapokezi umepakana na chumba cha mashine. Mwaka 2015, mashine iliposimikwa, Bi Mwanapili aliuiga ukumbi ule kwenye kompyuta, akaupima pia kwa kumweka Shemeji, akatia sahihi hati inayosema kuwa ni salama kukaa pale. Tulikaa. Mimi kwenye meza ya kumbukumbu, Kibwana Sefu mlinzi wetu kwenye kiti chake kando ya mlango, sote tukiwa tumeupa mgongo ukuta wa mashine na uso tumewaelekezea wageni. Yeye Bi Mwanapili alikaa vivyo hivyo katika chumba namba nne, mwisho wa ukuta huohuo. Kila tarehe mosi nilizisoma dosimita zote na kuandika sifuri, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka sita.

Novemba 2021 Kibwana alifariki ghafla. Tulimzika Tiwi kwao. Mjane wake alipokaa eda, tuliona si adabu kumpelekea vitu vya kazini vya mumewe kabla hajatoka, basi viliachwa mahali pake, na jina lake likaachwa kwenye daftari. Dosimita yake ilibaki kwenye msumari ukutani, nyuma ya kiti kile. Kwa kuwa uso wa kidude ulikuwa na picha ya Kibwana, na picha ile ilikuwa ikitutazama kila tulipopita, mtu mmoja aliigeuza ielekee ukutani. Sikumbuki ni nani. Pengine ni mimi.

Tarehe mosi Desemba nilizisoma zote kama kawaida. Sisi tulio hai, sifuri. Kibwana, mia mbili na kumi na nne.

Nilidhani nimekosea. Januari nilizisoma mara mbili: sisi sifuri, yeye mia nne na kitu. Marehemu alikuwa anaendelea kuhesabu. Habari zilienea jikoni kabla sijafunga daftari. Wafagiaji waligoma kuingia ukumbini, na mkuu wetu wa wakati ule, Bwana Feisal, akaamua kwamba kidude kimeharibika kitupwe, na papo hapo, kwa tahadhari, akamwita shehe aje asome Yasini. Bi Mwanapili alikaa kisomo chote, akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi sote. Kisha akaingia chumbani, akambeba Shemeji, akamketisha kwenye kiti cha Kibwana akiwa ameupa mgongo ukuta. Akamfunga dosimita moja kifuani na nyingine mgongoni, ikiwa imetazama ukuta, akaamuru mashine iwashwe.

Jioni ile, dosimita ya kifuani ilisoma sifuri. Ya mgongoni ilikuwa imehesabu.

Niliona uso wake alipozisoma. Katika uigaji wake wote mtu alikuwa ameielekea mashine, kwa sababu ndivyo kanuni za vipimo zinavyotaka, na hata Shemeji alimpima hivyo ukumbini. Lakini hakuna mtu aliyekaa ameuelekea ukuta ule. Ndani ya dosimita kuna kipande cha plastiki mbele ya jicho la kifaa. Nyutroni ikigonga plastiki ndipo jicho linapoona. Zikija kutoka nyuma zinapita kwanza miili yetu iliyojaa maji, zinazobaki zinalipita jicho kabla ya kuifikia plastiki, na kifaa hakisemi kitu. Vifua vyetu ndivyo vilivyokuwa vikizificha. Kwa miaka sita zilikuwa zinatupita, na dosimita pekee iliyotazama zilikotoka ni ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Bwana Feisal hakutaka mashine izimwe. Alimkumbusha Bi Mwanapili kwamba hati ya usalama ina sahihi yake, na kwamba akisema ukumbi si salama atakuwa anajishitaki mwenyewe. Ni kweli kabisa, na ndivyo alivyofanya. Alirusha nyutroni zake wiki tatu mfululizo, safari hii mtu akiwa amegeuka, akathibitisha kwamba hata hesabu ya msumarini ilikuwa theluthi tu ya ukweli, kwa kuwa zile zenye nguvu kubwa zaidi kidude hakizioni hata zikija kwa mbele. Kisha akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mamlaka husika. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: nilikosea. Mashine ilizimwa miezi saba, na ukuta ukaongezwa mita nzima ya zege.

Mimi alinijia nyumbani. Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai, na machozi yalimtoka kabla hajasema neno.

“Hafsa mwanangu, niwie radhi,” alisema. “Miaka yote nimehesabu kifua chako, na mgongo wako sikuukumbuka.”

Akanipa karatasi yenye namba yangu na namba ya mtoto, bila kuipunguza ili nifurahi. Ilizidi kiwango anachoruhusiwa mjamzito, lakini hatari yake ilikuwa ndogo, naye alinieleza ndogo kiasi gani, mara tatu, mpaka nikaelewa. Nilimkasirikia kwa muda wa wiki moja. Mwanangu sasa anakaribia miaka mitatu, na kila daktari aliyempima ameridhika. Kuhusu Kibwana, wengi walitaka Bi Mwanapili aseme kwamba nyutroni ndizo zilizomuua, na wengine wakataka aape kwamba sizo. Alikataa yote mawili, akasema namba haijui. Mjane alimshukuru kwa hilo.

Tangu hapo, uigaji wa Mwakidzumba humzungusha mtu pande zote kabla ya hati kutiwa sahihi, na vituo vingine vimekuja kujifunza kwetu. Amefundisha wataalamu kumi na mmoja, wote wanaogopa kumwonyesha kazi ambayo haijakaguliwa mara mbili, na wote wamewahi kulishwa viazi vya karai kwa mfuko wake.

Katika miaka hii mitatu alifanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Alikusanya kumbukumbu za zamu na likizo zetu, na hata vipimo vya viti vyetu, akaanza kumkokotolea kila aliyewahi kukaa kando ya ukuta ule dozi yake ya kweli. Tulikuwa ishirini. Alianza na sisi kumi na tisa, mmoja mmoja, kila mtu na karatasi yake. Ya ishirini aliniletea wiki iliyopita niiweke kwenye faili, na jina lililoandikwa juu yake ni lake. Ni yeye aliyekuwa akibaki kusubiri kompyuta imalize wakati sisi tumekwenda nyumbani, na namba yake ni kubwa kuliko zetu zote. Alisema si ugonjwa, ni uwezekano tu, akaniuliza kama mtoto amekwisha anza chekechea.

Bi Mwanapili, asante kwa kazi, kwa viazi, na kwa sentensi ile ya kwanza ya barua. Watu hutakiana umri mrefu kwa mazoea. Sisi tunakuombea, na tunaogopa. Nenda Jego ukapumzike. Mwakani tarehe mosi Juni tunakungoja hapa uje upimwe damu, na mwaka unaofuata, na unaofuata huo.