Mnyama Ambaye Hakuandikwa Kwenye Kalenda

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wa udereva na ninyi mliojifunza gari mikononi mwake, tunawasomea maisha ya mpendwa wetu, mwalimu ambaye wengi wenu mlimwita Mama Breki, na kabla hatujaanza familia inawaomba msikilize mpaka mwisho, kwa sababu tangu Jumatano maneno yamekuwa mengi hapa mtaani, wengine wakisema alirogwa, wengine wakisema mumewe alimnyima maji, na jana wanandugu walipokaa sebuleni kuamua kipi kisomwe na kipi kifichwe, mume wake, mwoka mikate, ambaye mnamjua si mtu wa maneno mengi, aliinua kichwa akasema, "Someni yote."

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa stesheni ya treni na mkewe fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na reli, ambako vikombe vilitikisika kabatini kila treni ya mizigo ilipopita. Alianza shule ya msingi Januari 1965 akamaliza 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1972 hadi 1975, na huko alijulikana kwa sauti yake, si ya kuimba, maana kwaya ilimkataa mara mbili, bali ya kuita, kiasi kwamba kengele ya shule ilipoharibika mwalimu mkuu alimtuma yeye asimame uwanjani.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa karani wa chuo cha udereva, kazi yake ikiwa kujaza fomu na kupanga zamu za magari, lakini tarehe 2 Februari 1981, mwalimu mmoja alipougua ghafla na wanafunzi wanne wakiwa wamesimama uani wanasubiri, alifunga daftari, akachukua ufunguo ukutani, akakaa kile kiti cha pembeni chenye breki yake ya ziada, na hakurudi dirishani kwa ukarani tena mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2012. Waliopita mikononi mwake wamo humu ndani, na kila mmoja ana lake la kusimulia, aliyeulizwa kama anaendesha gari au anabembeleza mtoto, aliyeulizwa kama klachi ina mende ndiyo maana anaikanyaga kwa hasira, na wote mnakubaliana kwamba alikuwa mkali hadi mtu anatokwa jasho, na kwamba siku ya kupata leseni alilia kuliko mwenye leseni.

Mwoka mikate naye alikuwa mwanafunzi wake, akashindwa mtihani mara tatu, na wapo wanaoapa kwamba ile ya tatu alishindwa kwa makusudi ili masomo yasiishe. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1986, ambaye leo ni fundi umeme, na mwana aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1989, ambaye anafundisha hesabu nchi jirani, na wameishi miaka yote hiyo katika nyumba iliyo nyuma ya tanuri, mama akirudi na harufu ya petroli, mumewe na unga kwenye nyusi.

Baada ya kustaafu miguu yake ilianza kuvimba, na mapema mwaka 2013 daktari alimwambia kwamba mtu aliyekaa kwenye gari miaka thelathini na moja hana dawa nyingine zaidi ya kutembea, basi akaanza kwa kuzunguka mtaa, akafika mtoni, akavuka mto, na kufikia 2015 alikuwa amejiunga na rafiki yake wa tangu sekondari, mpima ardhi mstaafu, katika kutembea ile njia ndefu ya miguu ya kilomita mia sita na kumi inayopita misituni na milimani, wakiichukua kipande kwa kipande kila mwaka. Mwoka mikate, ambaye goti lake halimruhusu hata kupanda ngazi ya ghala, alibaki nyumbani na simu, na kila saa kumi na moja jioni, mahali popote penye mtandao, mkewe alipiga na mazungumzo yao yalikuwa yaleyale, mume akiuliza, "Wanyama wangapi leo?" na mke akijibu, "Kwanza wewe, mikate mingapi imeungua?"

Kila mnyama aliyetajwa kwenye simu mwoka mikate alimwandika kwenye kalenda ya jikoni, ndani ya kisanduku cha tarehe yake, kwa kalamu ya risasi, na ndiyo maana tunaweza kuwaeleza kwamba tarehe 11 Agosti 2016 nyati mmoja mzee aliwazuia njiani saa nzima, akiwatazama kama askari anayesubiri kuonyeshwa leseni, mpaka alipochoka mwenyewe akaingia vichakani, kwamba tarehe 3 Agosti 2017 nyani alibeba kiatu cha kushoto cha marehemu akapanda nacho juu ya mti, na marehemu akatembea kilomita tisa mguu mmoja ukiwa na kandambili, na kwamba mwaka 2018 walilala kifudifudi kwenye majani huku nyuki wakipita juu yao kama lori. Mwoka mikate alikuwa akicheka kwenye simu, na akishakata simu hacheki tena, anakaa jikoni akihesabu saa, kwa sababu, kama alivyomwambia binti yake, mnyama akija, yeye aliye huku na kalamu ya risasi atamfanya nini.

Jumatatu tarehe 29 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, marehemu alianza kuitembea njia yote kwa mkupuo mmoja, yeye na rafiki yake. Siku ya ishirini na moja, Jumapili tarehe 18 Agosti, saa sita mchana, wakiwa wamekaa kwenye jiwe wanakula, mbweha alitoka kwenye majani akaja moja kwa moja, mdogo, amekonda, bila woga wowote, wakadhani ni mmoja wa wale waliozoea kulishwa na wapita njia, na marehemu aliponyoosha mkono kuvuta mkoba wake, mbweha alimng'ata chini ya kidole gumba, akaachia, akaondoka akiyumba. Palikuwa na vitundu viwili, damu kidogo. Alivimwagia maji ya kunywa, akafunga leso, na mpima ardhi akasema, "Turudi, kituo cha afya tumekiacha siku mbili nyuma," naye akajibu, "Siku mbili kwa mkwaruzo? Nikirudi, mume wangu hataniachia tena nije," kisha akamwapisha rafiki yake kwamba mwoka mikate asijue. Jioni ile alipiga simu kama kawaida, na kwenye kisanduku cha tarehe 18 Agosti mumewe akaandika, twiga watatu.

Waliimaliza njia Jumatano tarehe 4 Septemba 2019, akarudi mwembamba, mweusi kwa jua, anacheka, jeraha limeshafunga na kuwa kovu, na kwa wiki sita hakuna aliyeliona wala kuliuliza.

Jumapili tarehe 20 Oktoba mkono ule ulianza kumwasha na kufa ganzi, Jumatatu alikuwa na homa, na Jumatano asubuhi mumewe alipomletea chai alikishika kikombe, akakisogeza mdomoni, koo likakaza, mwili mzima ukaruka, na kikombe kikavunjika sakafuni. Alijaribu tena kwa glasi ya maji, ikawa vilevile, akamtazama mumewe kwa macho ambayo mwoka mikate anasema hajawahi kuyaona katika miaka thelathini na minne. Alhamisi tarehe 24 alilazwa, na daktari alimchukua mumewe pembeni akamuuliza, "Mzee, mama amewahi kuumwa na mnyama yeyote, mbwa, paka, popo, chochote?" Mwoka mikate alijibu hapana, akasema kila mnyama aliyekutana na mkewe ameandikwa, na ili daktari aamini alirudi nyumbani akaing'oa kalenda ukutani, akaileta hospitali, akamfunulia mwezi wa nane siku moja baada ya nyingine, kwa kidole. Daktari alisoma yote kwa subira, akasema, "Alikuwa na nani huko?"

Mpima ardhi alipopigiwa simu hakusubiri hata swali liishe, alianza kulia, akasema, "Shemeji, nisamehe, aliniapisha." Daktari alieleza kwa upole kwamba ni kichaa cha mbwa, kwamba sindano zingemkinga kabla ugonjwa haujajitokeza, hata zile wiki alizokuwa nyumbani anacheka, na kwamba sasa hakuna dawa, si hapa wala kwingine kokote, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Mwoka mikate aliuliza kama kuna hospitali kubwa zaidi, akaambiwa haitasaidia, akauliza kama damu yake inaweza kutumika, akaambiwa hapana, akauliza basi yeye afanye nini, na daktari akamwambia akae karibu naye.

Alikaa. Kwa siku sita mkewe aliomba maji, na kila maji yalipokaribia, hata kitambaa kibichi, hata mlio wa bomba chumba cha pili, koo lilimkaba akatetemeka kitanda kizima, mpaka mwenyewe, kati ya dawa moja na nyingine, akili ikiwa imetulia, alimwambia, "Usiniletee tena, mume wangu, nikiomba usinisikilize," na hayo ndiyo maji mnayosema alinyimwa. Wakati huohuo wauguzi walimchanja mwoka mikate na binti yake, kwa kuwa walimfuta mate kwa mikono mitupu, sindano ya kwanza tarehe 25 Oktoba, ya pili tarehe 28, na muuguzi anasema mzee alikunja mkono wa shati, akaitazama ile dawa ikiingia begani kwake, akauliza, "Ni hii hii?" akajibiwa ndiyo, akageuka ukutani.

Mwana wao alifika tarehe 29 mchana na mama alimtambua, akamuuliza kama amekuja na gari na nani aliendesha. Kwa mumewe alisema, "Yule mbweha alikuwa mdogo, nilimhurumia." Alifariki Jumatano tarehe 30 Oktoba 2019, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono uleule wenye kovu.

Familia inamshukuru daktari aliyesema ukweli bila kuupamba, wauguzi wa wodi ile waliozima taa na kufunga mabomba ili apate nafuu, majirani mliowasha tanuri na kuoka mikate siku zote mwoka mikate akiwa hospitali, na walimu wa chuo cha udereva mliobeba jeneza. Mpima ardhi amekaa hapa mbele, katika safu ya familia, kwa sababu mwoka mikate ndiye aliyeagiza apewe kiti hicho, na tunaomba mtu asimnyooshee kidole. Tunawaomba pia, yeyote atakayeng'atwa au kukwaruzwa na mnyama, hata kama ni kidogo kiasi gani, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni robo saa nzima, aende hospitali siku hiyohiyo, na awaambie watu wa nyumbani kwake.

Mwisho, wengi mmekuwa mkimuuliza mwoka mikate, kwa nia njema, kama hakuna kilichoweza kufanyika. Ameomba msimuulize tena. Hajibu kwa sababu yeye mwenyewe hajaacha kujiuliza.

Pumzika sasa, mke, mama, dada, mwalimu, amani ikufunike.